Kilichozama Bado Kina Mwenyewe

Sogeeni huku kivulini, wajukuu. Leo nitawaeleza kazi ambayo ziwa letu limeifanya kuwa ngumu kuliko mnavyodhani: kutafuta kitu kilichozama, kukipandisha juu, na kukifikisha kwa mwenyewe.

Mtoto wa hapa Baraka analijua ziwa kabla hajajua kusoma. Lakini analijua upande wa juu tu: mitumbwi, taa za wavuvi wa ndakala usiku wa giza, boti zinazokwenda Uvira na Kalemie. Upande wa chini ni habari nyingine. Kina cha ziwa letu, Tanganyika, kinafika mita 1,470, na katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linaloizidi. Ukishuka chini ya mita 200 hivi, maji yale hayana hewa, hata samaki hakai. Kitu kikifika huko, kimekwenda. Matumaini yapo karibu na ufukwe, ndani ya ghuba hii yetu iliyokingwa na rasi ya Ubwari.

Tuseme mvuvi anarudi alfajiri, upepo unavuma, mtumbwi unayumba, na injini inachomoka na kutumbukia. Afanye nini kwanza? Asiruke majini. Atazame nchi kavu. Atafute vitu viwili vilivyojipanga mstari mmoja mbele yake, kwa mfano mwembe wa ufukweni na kilele cha mlima kilicho nyuma yake. Kisha ageukie upande mwingine atafute viwili vingine, labda paa la kanisa na mwamba mkubwa. Mistari hiyo miwili inakatana mahali pamoja tu, na hapo ndipo alipo yeye. Hata akirudi baada ya mwezi, atapiga kasia mpaka vitu vile vinne vijipange kama siku ile, na injini itakuwa chini yake. Asiyetazama milima atasema, "Ilianguka pale," na kidole chake kitaonyesha ziwa zima.

Sasa anahitajika mzamiaji. Zamani mtu alishuka kwa pumzi ya kifua chake tu. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi wa mgongoni, kiasi anachohitaji kila anapovuta pumzi. Tangu hapo mtu akaweza kukaa chini, akatafuta bila haraka. Huvaa pia miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, na mkanda wenye vipande vya risasi, ile metali nzito, ili maji yasimrudishe juu.

Kutafuta kwenyewe kunataka kamba. Mmoja anakaa katikati ameshika ncha, mwenzake anashika kamba umbali wa mita chache na kuogelea duara zima akipapasa chini. Duara likiisha, kamba inaongezwa kidogo, linaanza jingine kubwa zaidi. Ndivyo wanavyoendelea, na hakuna kipande cha ardhi kinachorukwa. Wanakwenda polepole, maana tope likitibuliwa huoni hata mkono wako mwenyewe. Mimi nawaheshimu sana watu wanaofanya kazi hii, kwa sababu mara nyingi wanatafuta kwa vidole, wala si kwa macho.

Na maji yanabana. Chukua puto lililojaa hewa, ushuke nalo mita 10: litasinyaa hadi karibu nusu. Likirudi juu linatanuka tena. Mapafu yenu nayo ni hivyohivyo, ndiyo maana mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi hafungi pumzi kamwe anapopanda. Akipanda kwa pupa akiwa ameifunga, mapafu yanaweza kupasuka. Tena ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu yake ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa au Zanzibar. Mzamiaji aliyejifunza baharini hapaswi kutumia hesabu zake za pwani hapa. Lazima apunguze muda wa kukaa chini na apande taratibu zaidi, la sivyo mapovu ya hewa yatatokea ndani ya damu yake.

Kanuni hiyohiyo ya puto ndiyo inayoinua injini. Wazamiaji huifunga kwenye mfuko imara, wakaujaza hewa kidogokidogo chini kulekule. Mfuko unapopanda, hewa inatanuka, na kadiri inavyotanuka ndivyo unavyozidi kukimbia. Kwa hiyo hakuna anayening'inia kwenye mfuko huo, wala anayekaa juu yake.

Hata meli kubwa iliwahi kuopolewa katika ziwa hili. Wajerumani waliijenga kwao, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakavitia katika masanduku 5,000 hivi, vikaja kwa meli, kwa reli na kwa mabega ya watu mpaka Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen, na urefu wake ni mita 71. Mwezi wa Julai 1916, katikati ya vita, majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi wao walizipaka injini grisi nzito kwanza, kwa sababu walitumaini kuirudia. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaipandisha mwaka 1924, wakakuta mashine bado zinafaa: grisi ilikuwa imefanya kazi yake, na maji yasiyo na chumvi hayali chuma upesi kama ya bahari. Mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba.

Najua mtaniuliza: mbona haikurudishwa kwa mwenyewe? Kwa sababu ilikuwa vita, na mshindi wa vita huchukua. Mimi siwezi kuwaambia kwamba huo ndio mfano wa kufuata mkiokota wavu wa jirani. Lakini nitawaambia jambo jingine kuhusu meli hiyo. Mwaka 1997, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao watu zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania, ikitoka Kigoma kwenda Uvira, safari 22. Waulizeni wazee, wapo wanaoikumbuka Liemba.

Turudi kwenye vitu vya kawaida. Mkiona chuma msichokijua ufukweni au kwenye maji mafupi, msikiguse hata kidogo. Eneo letu la Fizi limepitiwa na vita vingi, na bomu haliharibiki kwa kulowa. Wekeni alama mbali nacho, mkamwite mtu mzima.

Mkiokota mtungi wa mzamiaji, msiufungue, na mtu yeyote asivute hewa yake. Maji yakiingia ndani, kutu inakula hewa ile safi, na anayeivuta anaweza kuzimia. Shingoni mwa mtungi kuna namba zilizogongwa kwa chuma, na hizo humwonyesha mwenyewe. Wavu nao unatambulika: fundo la mkono fulani, rangi ya kamba, vipande vya kandambili vilivyofanywa maboya.

Aliyeopoa anastahili kulipwa mafuta yake na jasho lake. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1989 kuhusu uokoaji wa mali majini unampa haki ya malipo. Ila malipo hayamgeuzi kuwa mwenye mali. Na bei ipangwe mbele ya wazee wa wavuvi, siyo gizani baina ya aliyepoteza na aliyeokota, kwa maana aliyepoteza injini hana nguvu ya kubishana.

Tangazeni kwamba kimeokotwa kitu, lakini msiseme kila kitu. Semeni "injini," mnyamaze kuhusu rangi, na kuhusu ufa wowote uliozibwa kwa waya. Atakayekuja kudai aketi kwanza, apewe maji ya kunywa, aieleze injini yake kabla ya turubai lililoifunika kufunuliwa.