Beringi za Gurudumu la Foklifti

Kahawa ya vilima vya Mkumbi na vijiji vingine vya Mbinga, ikishakobolewa, hutiwa katika magunia ya kilo 60. Chaga moja yenye magunia 20 ni kilo 1,200, na mzigo wa namna hiyo huinuliwa ghalani na gari dogo ambalo mafundi huliita foklifti. Gurudumu la gari hilo likilegea wakati shehena iko juu, anayekuwa hatarini ni dereva pamoja na kila aliye karibu.

Kwa kawaida foklifti haina springi kama lori. Kila shimo la sakafu huipiga ekseli moja kwa moja. Tena uzito wake huhama: ikiwa tupu, sehemu kubwa hukaa nyuma, penye chuma kizito cha kusawazisha, ikibeba, uzito hukimbilia mbele. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayopinda, beringi zake husukumwa kwa ubavu katika kila kona.

Ndiyo maana hapo hutumika zaidi beringi za rola zenye umbo la koni, ambazo Henry Timken na mwenziwe walizipatia hataza huko Marekani mwaka 1898. Mshazari wa rola huziwezesha kubeba uzito wa juu na msukumo wa ubavuni kwa pamoja. Lakini nafasi ya rola huamuliwa na nati, na nati hukazwa kwa mkono wa mtu.

Nati ikikazwa mno, utando wa grisi baina ya rola na kikombe hukamuliwa, chuma husuguana na chuma, na beringi huungua hata ikageuka rangi ya buluu. Ikilegea mno, rola chache tu hubeba mzigo wote, gurudumu huyumba, na sili hulika ikapitisha vumbi. Vumbi la makapi ya kahawa, likichanganyika na grisi, huifanya iwe nzito na kavu.

Kabla ya kufungua, weka kabari, inua gari kwa jeki, kisha liegemeze juu ya magogo imara. Jeki peke yake haitoshi. Kama tairi ni la upepo na rimu yake ni ya vipande viwili, toa upepo wote kwanza. Rimu ya namna hiyo ikifunguliwa ikiwa na upepo hupasuka kama bomu.

Osha beringi kwa mafuta ya taa, uikaushe, wala usiizungushe kwa upepo wa kompresa, kwani rola zaweza kuruka. Kagua uso wa kila rola na wa kikombe. Ukiona vidonda, magamba, au alama zilizopangana kwa umbali sawa, badilisha koni pamoja na kikombe chake. Koni mpya katika kikombe kikuukuu haidumu. Mafundi wengi hubana matumizi hapa, nao hulifungua gurudumu lilelile tena baada ya muda mfupi.

Shindilia grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa rola. Usichanganye aina mbili za grisi, wala usiijaze habu yote, maana grisi iliyozidi huleta joto. Weka sili mpya.

Sasa kaza nati huku ukizungusha gurudumu, ili rola zikae mahali pake. Ilegeze, kisha uikaze tena kidogo kwa kufuata kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana, rudisha nati nyuma hadi tundu la karibu, usiisogeze mbele. Mwanya unaotakiwa mara nyingi ni kati ya milimita 0.03 na 0.12, takriban unene wa unywele. Funga pini mpya. Baada ya saa moja ya kazi, simamisha gari na uguse habu: uvuguvugu si tatizo, lakini ikikuunguza, nati imebana.