Hazina ya Ninawi na Mwana wa Mosul
Kilima cha Kuyunjik kinatazamana na mji wa Mosul, kaskazini mwa Iraki, mto Tigri ukipita katikati. Ndani yake imefukiwa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru ulioteketezwa mwaka 612 KK. Hadi miaka ya 1840, Waashuru walijulikana zaidi kwa simulizi za wengine, hasa Biblia.

Mfaransa Paul-Émile Botta alianza kuchimba hapo Desemba 1842, akaambulia vitu vichache, akahamia Khorsabad alikofukua kasri la mfalme Sargoni wa Pili. Mwingereza Austen Henry Layard alianzia Nimrud mwaka 1845, kisha Kuyunjik akafukua kasri la Senakeribu.

Msaidizi wake, Hormuzd Rassam, alikuwa mzaliwa wa Mosul, na Layard alipoiacha kazi ndiye aliyeiendeleza. Upande wa kaskazini wa kilima walikuwa wameachiwa Wafaransa. Rassam, aliyeamini kwamba huko kuna kitu, akawapeleka vibarua wake usiku, kimyakimya, Desemba 1853. Likafichuka kasri la mfalme Ashurbanipali, kuta za ukumbi wake mmoja zikiwa na michongo ya mfalme huyo akiwinda simba. Simba jike mmoja amechomwa mishale mgongoni. Miguu ya nyuma imepooza, naye anajikokota kwa ile ya mbele, kinywa wazi. Ni vigumu kuamini kwamba aliyemchonga hakumwonea huruma.

Katika ukumbi huohuo vilirundikana vibao vya udongo vyenye maandishi yaliyokandamizwa kwa ncha ya tete. Pamoja na vile alivyovipata Layard, vilikuwa masalia ya maktaba ya mfalme, na vingi vilidumu kwa sababu moto ulioangamiza mji uliviivisha kama matofali. Leo vipande zaidi ya 30,000 vimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Kwa bahati mbaya, wachimbaji walikuwa na pupa ya sanamu: vibao vilipakiwa bila kuandikwa vilitoka chumba kipi, na hasara hiyo haifidiki.

Mwaka 1872 George Smith, aliyewahi kuwa fundi wa kuchonga sahani za kuchapia noti, alisoma katika kimoja cha vibao hivyo habari za gharika, za jahazi lililotua mlimani na ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu. Ilikuwa sehemu ya utenzi wa Gilgamesh. Smith akapata umaarufu. Rassam, ambaye bila yeye kasri lile lingechelewa kuonekana, alipewa sifa haba mno. Kumbukumbu zake za uchimbaji zilichapishwa Marekani mwaka 1897.