Madini adimu: Bei iko kwenye ngozi ya jiwe

Mwenye duka wa Gwarama anayeuza viberiti vya gesi anafanya biashara ya madini adimu bila kujijua. Kijiwe kinachotoa cheche ndani ya kiberiti ni mchanganyiko wa chuma na seriamu, moja kati ya metali 17 ziitwazo adimu. Gurudumu linapokikwangua, seriamu iliyokuwa imefichika ndani inakutana na hewa kwa mara ya kwanza na kuwaka papo hapo. Mchanganyiko huo ulibuniwa mwaka 1903 na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, na bado unauzwa kwa shilingi chache.

Cheche hiyo inaeleza sehemu kubwa ya biashara nzima. Katika madini haya faida haimfuati mwenye jiwe, bali humfuata anayejua kuitawala ngozi yake, yaani ule uso wa nje unaogusana na maji au hewa.

Wakazi wa Kibondo na Kasulu wana mfano jirani. Ng'ambo ya mpaka, Gakara nchini Burundi, kampuni ya Rainbow Rare Earths iliyoko katika soko la hisa la London ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2017. Mishipa ya Gakara ni tajiri mno, zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe ikiwa oksidi za madini adimu, hivyo kusaga na kuchekecha kwa maji kulitosha kupata makinikia. Kazi ya kutoa metali yenyewe ilifanyika nje. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha usafirishaji, kisha uchimbaji, ikidai haki yake katika mapato.

Ngualla, mkoani Songwe, ni habari nyingine. Mwamba wake una wastani wa asilimia 4.8 tu ya oksidi hizo, na umechanganyika na bariti, ambayo nayo ni nzito. Uzito peke yake hautenganishi. Hapo ndipo panapohitajika povu: mawe husagwa kuwa unga, yakatiwa maji na dawa ya jamii ya sabuni inayoshika ngozi ya madini yanayotakiwa. Chembe iliyoshikwa hukataa maji kama unyoya wa bata, hujibandika kwenye kiputo cha hewa na kupanda juu.

Shida ni kwamba bariti na chokaa nazo hupenda dawa hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo maabara huchunguza ngozi kabla mtaji haujamwagwa. Tone la maji hudondoshwa juu ya jiwe lililosuguliwa na pembe yake kupimwa: tone likitandaa, jiwe linapenda maji, likisimama kama shanga, litapanda na povu. Chembe huwekwa pia ndani ya maji yenye umeme ili kuona zinakimbilia upande gani, maana chaji ya ngozi hubadilika kadiri maji yanavyozidi kuwa na asidi au magadi. Njia ya tatu ni miale ya eksirei inayong'oa elektroni kutoka tabaka la juu kabisa, na kuonyesha ni dawa gani imeshika nini.

Metali iliyokwisha kusafishwa ni ngumu zaidi kuchunguza. Neodimiamu, inayotengeneza sumaku za magari ya umeme, hufunikwa na kutu haraka ikiachwa wazi, na kutu hiyo hubanduka kwa magamba badala ya kuikinga. Wataalamu huikwangua au kuichoma ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, vinginevyo wangekuwa wanapima kutu. Viwandani sumaku hupakwa nikeli. Gharama zote hizo zimo katika bei ya mwisho, na mchimbaji hazimfikii.

Sokoni, mwaka 2025 ulikuwa wa msukosuko. Mwezi Aprili China iliweka masharti ya kuuza nje metali saba kati ya hizo. Julai serikali ya Marekani iliihakikishia kampuni ya MP Materials bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu. Mwaka huo huo Shenghe ya China ilijitokeza kununua Peak Rare Earths ya Australia, yenye mradi wa Ngualla, ambamo serikali ya Tanzania ina asilimia 16.

Kwa mfanyabiashara mdogo atakayeletewa jiwe zito na dalali anayetaja asilimia, swali la kwanza lihusu aina ya madini, si asilimia. Mawe mawili yenye kiasi sawa cha neodimiamu yanaweza kupishana sana kwa thamani, moja likipanda na povu na jingine likizama pamoja na takataka. Kifaa cha mkononi cha kupimia hakitoi jibu hilo. Sampuli inaweza kupelekwa maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini jijini Dodoma, na leseni ya udalali hutolewa na Tume ya Madini.