Tone Moja Jichoni

Hapa Igoma, nikisikia kuku wa jirani wanasinzia na kuharisha kijani, siendi bandani kwake. Naweza kurudi na ugonjwa kwenye kandambili. Kideri, ambacho wengine tunakiita mdondo, hakina tiba. Kinga ni chanjo ya I-2: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Mwaka mmoja nilichelewa, nikazika kuku 31. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani tunachangishana na kuchanja siku moja, alfajiri, kabla hatujawafungulia.

Baada ya chanjo ni chakula: dagaa wa kuku nanunua Mwaloni, Kirumba. Nawapepeta kwanza: walioanikwa chini hubeba mchanga. Dagaa wakizidi kwenye chakula, mayai yananuka samaki.

Jirani ambaye hujachanja kuku wako, njoo tuchange.