Barua Yenye Muhuri: Namna ya Kudai Habari Kutoka Ofisi ya Umma

Mzee mmoja alinijia siku ya ushauri wa bure wa kisheria akiwa amekumbatia faili la plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua kumi na moja, zote kuhusu kisima kilichochimbwa kijijini kwao kikaachwa bila pampu. Alikuwa amemwandikia chifu, akamwandikia mwakilishi wa wadi, akaiandikia ofisi ya maji zaidi ya mara moja. Nilizisoma zote. Zilikuwa na uchungu na zilikuwa na heshima, lakini hakuna iliyoonyesha ilipokelewa na nani, wala iliyotaja hati yoyote anayoitaka. Zote ziliishia kwenye ombi lile lile, kwamba wakubwa wawafikirie.

“Mwanangu,” akaniuliza, “nimekosea wapi?”

Adabu hakuikosea. Ila alikuwa bado anaomba hisani, ilhali tangu tarehe 27 Agosti 2010, siku ambayo Katiba ya sasa ya Kenya ilizinduliwa, ana haki mkononi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Inampa pia haki ya kupata habari zilizo kwa mtu au kampuni binafsi, iwapo anazihitaji ili atumie au alinde haki yake nyingine. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ndiyo iliyoweka hatua za kufuata, siku za kungoja na mahali pa kulalamika. Uganda walitunga sheria ya namna hii mwaka 2005, Rwanda 2013 na Tanzania 2016, kila moja na masharti yake. Haya ninayoyaeleza ni ya Kenya.

Niizungumzie kwa kirefu barua yenyewe, maana hapo ndipo nimewaona wengi wakikwama.

Omba karatasi, usiombe maelezo. Ukiiuliza ofisi kwa nini kisima hakijakamilika, inaweza kukuandikia ukurasa mzima kuhusu changamoto za bajeti, na ukimaliza kuusoma huna kitu. Lakini ukiomba nakala ya mkataba kati ya idara na mwanakandarasi, vocha za malipo aliyolipwa, ripoti ya mhandisi aliyekagua kazi na cheti cha kukamilika kwa kazi, umeomba vitu ambavyo ama vipo ama havipo. Ikibainika kwamba mwanakandarasi amelipwa fedha zote na cheti hakipo, basi kukosekana kwa cheti kumekwambia zaidi ya hotuba kumi za barazani.

Kisha ulenge mradi mmoja. Wadi moja huwa na visima kadhaa, na karani aliyepokea barua isemayo “kisima chetu” hana kosa akiirudisha. Taja jina la mradi, kijiji na mwaka wa fedha, ukikumbuka kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Barua nzima haihitaji kuzidi maneno haya: “Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mimi raia wa Kenya naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu mradi fulani.” Zitaje hati, andika jina, anwani na nambari ya simu, weka sahihi na tarehe. Barua ielekezwe kwa mkuu wa taasisi, kwa sababu sheria inamtambua yeye kuwa ndiye afisa wa habari, hata kama kazi hiyo amemkabidhi mtu wa chini yake.

Sababu ya kutaka habari hizo usiieleze. Sheria inasema haki yako haiathiriwi na sababu uliyoitoa, wala na kile ambacho ofisi inadhani ndicho kinachokusukuma. Najua jambo hili ni gumu kwa watu wetu, tuliolelewa kuanza kwa salamu ndefu na kisa chote. Lakini barua inayomwita mtu mwizi kabla ya ushahidi inaiondoa ofisi kwenye swali la hati na kuipeleka kwenye ugomvi. Tuhuma ziache mpaka karatasi zije.

Barua hii unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Sheria inataja Kiingereza na Kiswahili kwa usawa, na nasikitika kila nikimwona mtu akilipa aandikiwe Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakielewi. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo. Afisa anatakiwa ayaandike maombi yake na ampe nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ofisi inaweza kutoza gharama ya kutoa nakala tu, na isizidi gharama halisi.

Ipeleke barua ikiwa nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua za mzee wangu zilikosa muhuri huo, na bila huo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba siku zimeanza kuhesabiwa.

Siku zenyewe ni 21. Barua iliyopokelewa tarehe 3 Juni inapaswa kujibiwa kufikia tarehe 24 Juni. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda unashuka hadi saa 48. Nawasihi mkikumbuke kifungu hiki siku ndugu yenu amekamatwa na kila kituo cha polisi kinawaambia hayupo. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama hati ni nyingi mno au kuna watu wa kushauriana nao.

Siku zikiisha pasipo jibu, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa ni kukataliwa. Usikae miaka ukingoja. Una siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman. Huduma yake ni ya bure. Tume inaweza kuamuru hati zitolewe, na amri yake ikishasajiliwa katika Mahakama Kuu hutekelezwa kama amri ya mahakama.

Si kila kitu hutolewa. Kuna usalama wa taifa, faragha za watu, siri za kibiashara. Ndiyo maana anayefuatilia basari za wadi namshauri aombe jumla ya fedha na kiasi kilichopelekwa kila shule, bila majina ya watoto. Lakini neno “siri” peke yake halimalizi mjadala, kwa kuwa manufaa ya umma nayo hupimwa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walidai mikataba ya reli ya kisasa ya SGR, iliyojengwa kwa mikopo kutoka China. Walipokosa hati hizo walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwezi Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru serikali iwape. Novemba mwaka huo huo Wizara ya Uchukuzi ikaweka hadharani baadhi ya mikataba hiyo. Hazikuwa zote, na ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, lakini karatasi ambazo Wakenya walikuwa wakizisikia kwa tetesi wakaweza kuzisoma.

Wapo wanaoniambia wanaogopa. Kijiji ni kidogo, na jina chini ya barua linajulikana. Hofu hiyo siidharau. Ila haki hii ni ya kila raia, si ya mkazi wa wadi pekee. Ndugu yenu anayeishi Nairobi au Eldoret anaweza kuomba hati za kisima cha kwenu kwa jina lake, na hakuna afisa mwenye haki ya kumuuliza kisima hicho kinamhusu nini.

Barua ya kumi na mbili ya mzee yule tuliiandika siku ile ile, haikujaza hata ukurasa. Nawe, kama kwenu kuna zahanati isiyo na dawa au barabara iliyolimwa ikaachwa, andika ya kwako wiki hii, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijapigwa muhuri.