Kabla ya kushika shoka: mwembe wa lupango unaugua

Kwa Shituru ni vigumu kupata lupango lisilo na mti. Pengine ni mwembe, pengine avoka, pengine mpapai karibu na jiko. Watoto wanacheza chini yake, wamama wanatwanga sombe kwa kivuli chake, mgeni anapewa kiti pale. Lakini siku mti unapoanza kukauka, jibu letu ni moja tu: shoka. Kisha makala.

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi na moja, tulipita kumsalimia mama mmoja mjane wa kanisa letu. Tulimkuta amesimama mlangoni, na kijana wake wa kwanza alikuwa anazunguka mwembe wa marehemu baba yake na shoka mkononi. Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa umeangusha tawi moja kubwa juu ya mabati ya jiko. Kichwa cha mti kilikuwa kimeanza kukauka. Mtu wa makala alikuwa amekwisha kuja, akaupima kwa macho na kutaja bei.

“Mi naona inakufa kabisa, Papa,” mama akatuambia. “Afazali tuuzishe, batoto balipe masomo.”

Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani juu ya makuta ya shule. Lakini ni kweli pia kwamba maembe ya mti ule yalikuwa yanalisha nyumba ile kila Krismasi, na mengine mama alikuwa anauzisha kwa soko. Tukamwomba asubiri siku tatu. Tulimjua mzee mmoja wa Kikula ambaye zamani alifanya kazi ya bustani, tukamwendea.

Mzee alikuja na kisu kidogo na nyundo ya mbao, basi. Kijana alicheka kidogo. Aliacha kucheka alipoona mzee anapiga magoti chini ya mti na kuanza kufukua udongo kwa vidole. Kichwa kilichokauka hakukiangalia hata kidogo.

“Dokta haanzaka na kupasua,” mzee akasema. “Anaanzaka na kuuliza.”

Akauliza. Takataka mnachomea wapi? Hapa hapa chini ya mti, kila Jumamosi. Ukuta huu mlijenga lini? Miaka miwili. Na msingi mlichimba namna gani? Kijana akaonyesha: mtaro ulipita hatua moja na nusu tu toka shinani, na mizizi yote waliyokutana nayo waliikata. Kisha wakamwaga simenti mpaka kwenye shina, ili mama apate mahali safi pa kufulia.

Basi, ugonjwa wa kichwani ulikuwa umetoka miguuni. Wengi wetu tunafikiri mizizi ya mti inakwenda chini sana kama kisima. Sivyo. Mizizi mingi inayokula na kunywa iko karibu na uso wa udongo, ndani ya sentimita 30 hata 60, na inatembea kwa upana kupita matawi yenyewe. Anayechimba mtaro karibu na shina anakata mdomo wa mti. Anayemwaga simenti anaufunga pumzi, kwa maana mizizi inahitaji hewa kama sisi. Na moto wa Jumamosi unapika ganda la shina upande mmoja, hata kama majani ya juu hayaungui. Mti mkubwa hauanguki siku ile ile. Unanyamaza mwaka, miaka miwili, ndipo matawi ya juu yanakauka, na sisi tunasema ni uchawi wa jirani.

Jivu lenyewe, likiisha kupoa, likitawanywa kidogo, si baya. Linapunguza ukali wa udongo. Kibaya ni moto.

Hapo mama akakumbuka ule mtini wa Injili ya Luka, sura ya 13, na mtunza bustani aliyemwomba mwenye shamba mwaka mmoja zaidi ili achimbie na kutia mbolea. Mzee akacheka: kuchimbia ni vizuri, lakini kwa mkono mwepesi, maana mizizi iko juu juu! Akawaambia wavunje simenti ile hatua mbili kuzunguka shina, walegeze udongo kidogo tu, watandaze mbolea iliyooza na majani makavu. Majani yasiguse shina, kwa sababu ganda likilowa siku zote linaoza. Na wakati wa jua, maji yamwagwe pale kivuli cha matawi kinapoishia, si kwenye shina. Maji ya kufulia yenye dawa kali yaende mahali pengine.

Kisha akageukia lile tawi lililovunjika. Hapa, wapendwa vijana, mtuvumilie, kwa maana hapa ndipo miti mingi ya Likasi inauawa na watu wenye nia nzuri.

Huko Marekani alikuwako mtaalamu mmoja jina lake Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki 2006, mtumishi wa idara ya misitu ya serikali. Wakati wengine walikuwa wanachunguza miti kwa nje, yeye alichukua msumeno wa moteri akapasua maelfu ya miti toka juu mpaka chini aone ndani kunapita nini. Mwaka 1977 alieleza alichokiona. Kidonda cha mti hakiponi kama ngozi ya mtu. Mahali palipooza hapageuki kuwa pazima tena. Mti unajenga kuta ndani yake, unaufungia uozo humo kama mfungwa, kisha unaotesha mbao mpya kwa nje. Kuta zikishikilia, mti unaishi miaka mingi na kidonda chake ndani. Kuta zikivunjwa, uozo unatembea.

Nani anazivunja? Sisi, kwa panga. Angalia mahali tawi linapotoka kwenye shina: utaona uvimbe mdogo kama shingo ya shati. Mle ndimo mti unajengea ukuta wake. Ukikata tawi mpaka kulingana na shina, umeondoa shingo ile. Ukiacha kisiki kirefu, kitakufa na kuoza, na mchwa watakipata. Kata nje kidogo ya shingo, basi. Tena tawi zito halikatwi mara moja, kwani likivunjika linachana ganda mpaka chini. Kwanza kata kwa chini, mbali kidogo na shina, usifike katikati. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki karibu na shingo.

Na rangi, au lami, ambayo watu wanapaka juu ya kidonda? Shigo huyo huyo alionyesha kwamba haizuii uozo. Acha kidonda kikauke kwa upepo. Ile chokaa nyeupe tunayopaka mashina sikukuu zikikaribia inapendeza macho, na inapunguza ukali wa jua kwenye ganda, lakini haitibu kitu.

Kijana alitaka akate kichwa chote cha mti ili nyumba ipate usalama. Mzee alikataa kwa ukali. Mti uliokatwa kichwa unatoa vijiti vingi kwa haraka, kila kijiti kimeshikwa na ganda la juu tu, na baada ya miaka michache hivyo ndivyo vinavyoangukia mabati. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mara moja. Matawi makavu yanaweza kutolewa wakati wowote. Mabichi ya mwembe yangoje mwisho wa mavuno. Na kama tawi liko karibu na nyaya za umeme, shuka. Waite wenye umeme. Tusizike mtoto juu ya embe.

Juu ya mwembe mzee alionyesha vile vile kichaka cha majani mageni, yenye rangi nyingine, kilichoota katikati ya tawi. Ndege ndio wanaleta mbegu zake. Mmea huo unatoboa tawi na kunywa maji yake. Kuchuma majani hakusaidii: lazima kukata tawi lenyewe, chini kidogo ya pale uliposhika.

Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na avoka, na hiyo hakuna aliyeiuliza. Ilikuwa na majani mazuri, ya kijani. Mzee akazunguka akaona uyoga mgumu kama rafu umeota kwenye mizizi. Akapiga shina kwa nyundo: upande mmoja sauti ya mbao, upande wa pili sauti ya ngoma. Akatikisa kichwa. Ndani hakuna kitu, alisema, na imeinamia chumba cha watoto. Ule mti mama aliotaka kuuza ulikuwa na nafasi ya kuishi. Ule aliouamini ndio ulikuwa hatari. Mama alilia kidogo, kwani avoka ile alipanda mwenyewe.

Watu watauliza: mbona miti ya Shituru inasumbuka hivi kuliko ya kijijini? Tusisahau tunaishi wapi. Usine ya Shituru ilianza mwaka 1929, na kazi yake ni kutoa mukuba ndani ya mawe kwa asidi na umeme. Udongo wa karibu na usine za mukuba unabeba vumbi la miaka mingi. Tena zamani kampuni ilikuwa inashika nyumba, maji na barabara za kambi. Baada ya wafanyakazi 10,655 wa Gécamines kuondoka kazini kwa mpango wa 2003, kila mtu alibaki na lupango lake na mti wake, bila mtu wa kumshauri.

Mfano mkubwa uko Lubumbashi. Pale usine ya kuyeyusha ilimwaga mukuba wa kwanza mwezi wa sita 1911, na moshi wake ulikwenda na upepo upande wa magharibi-kaskazini mpaka miaka ya mwanzo ya 1990. Njia ya moshi ule pori lilikufa, udongo ukabaki uchi. Katika mtaa wa Penga Penga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kutia chokaa na mbolea iliyooza katika udongo ule. Chokaa inapunguza asidi, na asidi ikipungua mukuba hauingii tena kwa nguvu katika mizizi. Mbolea nayo inaushika. Majani yakaota pale palipokuwa jangwa. Basi, kama lupango lako liko karibu na usine na kila unachopanda kinageuka njano, usimlaumu muuza mbegu. Chimba shimo pana, changanya udongo na mbolea nyingi iliyooza na chokaa ya shamba kidogo, ndipo upande.

Vumbi hilo haliishii kwenye mizizi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 na waganga wa Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa watu wa Katanga, zaidi kwa wale wanaokaa chini ya kilometa 3 toka migodi au usine. Watoto waoshe maembe kwa maji safi kabla ya kula, na waoshe mikono. Majani ya mti yanakamata vumbi lisifike dirishani. Hiyo ni kazi nyingine ya mwembe wetu ambayo mtu wa makala haihesabu katika bei yake.

Maembe yenye funza ni habari nyingine. Kuna inzi aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika Afrika. Anataga mayai ndani ya tunda, funza wanakula, tunda linaanguka, wanaingia udongoni na kutoka inzi wapya. Kuacha maembe yaliyooza chini ya mti ni kuwafugia. Okota kila siku, funga katika mfuko mweusi wa plastiki, weka juani mpaka funza wafe, au zika shimo refu.

Neno moja kwa vijana wasio na kazi. Katika nchi nyingine kutibu miti ni ufundi kamili; chama cha kimataifa cha wataalamu hao kilianza Marekani mwaka 1924, na tangu 1992 kinatoa cheti kwa mtihani. Hapa kwetu kila mvua matawi yanaangukia mabati, na watu wanalipa yeyote mwenye panga. Kijana mwenye msumeno mkali, kamba nzuri, na anayejua shingo ya tawi iko wapi, hatakosa wa kumwita. Wawili wa kwaya yetu wameanza kumfuata mzee wa Kikula siku za Jumamosi.

Avoka ilikatwa, vipande vipande, kwa kamba, toka juu kwenda chini. Mtu wa makala aliinunua kwa bei ndogo kuliko aliyotaja kwa mwembe; mama alilipia mtoto mmoja, wa pili akasaidiwa na wamama wa kanisa. Simenti ilivunjwa. Takataka sasa zinachomwa katika shimo nyuma ya choo.

Tulirudi kule baada ya Noeli. Kichwa kilichokauka hakikurudi, na mzee alikuwa amesema hakitarudi. Lakini chini yake, matawi matatu yalikuwa yametoa majani mapya, yale mekundu-mekundu laini. Mama alitupa maembe sita ndani ya ndoo, yameoshwa. Matawi mawili mabichi yanayogusa mabati yanangoja mwezi wa tatu, mavuno yakiisha, na kijana ameficha shoka nyumbani kwa mjomba wake.