KUCHAGUA SILANSIE MPYA YA GARI

Wote tulisikia makelele ya gari ya shule mwezi uliopita. Silansie yake ilitoboka, na gari ikipita, mwalimu ananyamaza mpaka ifike mbali. Sasa inapasa kununua ingine. Wanafunzi wamoja wanasema: «Tuweke bomba tupu tu, gari itapata nguvu!» Wengine: «Tununue ile ya bei rahisi.» Sisi wa gazeti tulikwenda kuuliza dereva na fundi, tukalala hata chini ya gari kutazama. Haya ndiyo tuliyoelewa.

1. Kazi yake. Moshi hautoki katika motere kama maji ya mto. Unatoka kwa mapigo, pu-pu-pu, na kila pigo ni sauti. Silansie ziko za namna mbili. Ya kwanza iko na vyumba ndani: sauti inagonga kuta, inarudi, na mawimbi yakikutana yanauana. Inanyamazisha vizuri, lakini moshi unapita kwa shida kidogo. Ya pili ni bomba lenye matundu mengi, limezungukwa na pamba ya kioo yenye kumeza sauti. Moshi unapita wazi, lakini makelele yanabaki zaidi, na pamba inaisha polepole.

2. Nguvu. Ni kweli, silansie yenye kubana moshi sana inapunguza nguvu na kula esansi mingi. Lakini bomba tupu haligeuzi jeep kuwa kamio.

3. Kipimo. Pima upana wa bomba kwa milimetre, urefu wa silansie, na mahali moshi unapoingia na kutokea: katikati ao kando. Ikiwa kubwa kuliko nafasi, itagonga mawe ya barabara, ao itachoma nyuzi za umeme na mpira wa freni.

4. Chuma. Kila litre ya esansi inayochomwa inatoa karibu litre moja ya maji, kwa mvuke. Safari ikiwa fupi, silansie haipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani, na kutu inakula toka ndani. Gari yetu inakwenda sokoni na kurudi tu, ndiyo sababu. Chuma cha kawaida kinaoza mbio. Kile kilichopakwa aluminyo kinadumu zaidi. Inox inashinda vyote, na bei yake pia.

5. Hatari. Siku ile ya safari ya mpira, mvua ilinyesha, turubai ilifungwa. Wenzetu wawili walishuka wakiumwa kichwa na kutapika. Tulisema ni barabara. Fundi alitikisa kichwa. Katika moshi muko gazi ya monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua. Ilipanda kwa lile tobo, chini ya viti vyetu.

Kwa hiyo, silansie ikisha kuwekwa, motere ikiwa baridi, zibeni mwisho wa bomba kidogo kwa kitambaa chenye maji, musikilize viungo. Kikipiga mluzi, kazi haijaisha. Na bomba litokee nje kabisa, nyuma ya bodi.

Basi shauri letu: ile ya vyumba, ya chuma chenye aluminyo, kipimo sawasawa. Kama franka hazitoshi sasa, afazali tutembee kwa miguu majuma mawili kuliko kupanda tena na turubai imefungwa.